UZI: Wanaorudi na figo waliyolipia nje ya nchi, na yale tunayoyakuta kwenye kidonda, mishipa na mrija wa mkojo

Muuguzi wa Figo:

Wakuu, salaam. Nimesoma nyuzi nyingi za watu wanaoulizana ni nchi gani mgonjwa anaweza kwenda akapata figo haraka kutoka kwa mtu asiye ndugu yake, kwa malipo. Majibu yanahusu bei, viza na nani ana namba ya dalali. Sijaona anayeeleza mgonjwa anarudi na nini mwilini. Mimi niko kwenye kliniki inayofuatilia waliopandikizwa figo, na waliopandikizwa kwingine huishia kwetu, wengine wakitokea uwanja wa ndege moja kwa moja. Naandika ninachokijua. Ni mrefu, vumilieni.

Kwanza mjue nimesimama wapi. Mgonjwa aliyekwenda kununua figo simhesabu kuwa mtu mbaya. Anayefanyiwa dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, anayepimiwa hata maji ya kunywa, akiambiwa kuna mahali atapata figo ndani ya mwezi mmoja, atasikiliza. Ningekuwa mimi ningesikiliza. Ndiyo maana naona ni wajibu asikie na upande huu.

Kuna jambo linachanganywa sana humu. Watu wanadhani tatizo ni kwamba mtoaji si ndugu. Hapana. Mwaka 1995 zilichapishwa takwimu za Marekani zilizolinganisha figo walizotoa wanandoa na figo zilizotoka kwa marehemu. Baada ya miaka mitatu, asilimia 85 ya figo za wanandoa zilikuwa bado zinafanya kazi, dhidi ya asilimia 70 za marehemu, na hali mume na mke hawana damu moja. Figo ya mtu hai mwenye afya, aliyepimwa kwa utulivu, ikatolewa na kupandikizwa bila kukaa muda mrefu nje ya mwili, ni figo nzuri hata kama mtoaji na mpokeaji hawahusiani kabisa. Kwa hiyo ukisikia walionunua wamerudi hoi, usilaumu kutokuwa ndugu. Chunguza haraka iliyotumika, vipimo vilivyorukwa, na usiri.

Sasa tuingie kwenye upasuaji wenyewe, maana bila kuuelewa hutaelewa kinachoharibika.

Figo mpya haiwekwi mahali pa zile za zamani. Zile huachwa hapo hapo mgongoni, isipokuwa kuna sababu maalumu ya kuzitoa. Mpya huwekwa chini ya tumbo, upande mmoja, mara nyingi kulia, karibu na nyonga. Daktari anaunga sehemu tatu. Ateri ya figo inaungwa kwenye ateri kubwa inayoshuka mguuni. Vena inaungwa kwenye vena jirani yake. Halafu ureta, yaani mrija unaoleta mkojo kutoka kwenye figo, unashonwa kwenye kibofu. Karibu kila tatizo la upasuaji nitakalolitaja linatokana na mojawapo ya sehemu hizo tatu, au na nafasi iliyobaki kuizunguka figo, au na kidonda cha nje.

Nianze na ureta, kwa sababu ndiyo inayotusumbua zaidi. Huu mrija unapata damu yake kupitia mishipa midogo sana inayotoka upande wa figo. Anayetoa figo kwa mtoaji akikwangua mafuta yaliyouzunguka kupita kiasi, ncha ya chini inakosa damu na kufa taratibu. Mgonjwa ataamka vizuri, mkojo utatoka, watu watapongezana. Siku chache au wiki chache baadaye ncha ile inaoza na mkojo unaanza kumwagikia ndani. Dalili ni maumivu juu ya figo mpya, homa, mkojo kupungua, na wakati mwingine maji kuchuruzika kwenye kidonda. Hesabuni siku hizo. Ni siku zile zile ambazo aliyelipia nje anakuwa ndani ya ndege au ndiyo kwanza amefika nyumbani, kwa sababu kule wamemruhusu mapema ili kitanda kipate mwingine.

Maji yakikutwa yamejikusanya pembeni ya figo, yanavutwa kidogo kwa sindano na kupelekwa maabara kupima kriatinini, yaani taka ya mwili ambayo figo huitoa kwenye mkojo. Kama kriatinini ya maji yale ni mara nyingi zaidi ya ile ya damu, huo ni mkojo, mrija unavuja. Kama inakaribiana na ya damu, hiyo ni limfu, yaani majimaji ya mwili yanayopita kwenye mishipa yake midogo. Ni kipimo cha kawaida kabisa, lakini kinaamua kama mtu anarudi chumba cha upasuaji leo au anasubiri.

Halafu kuna stenti. Huu ni mrija mwembamba wa plastiki uliojikunja ncha zote mbili, unaopitishwa ndani ya ureta kuanzia kwenye figo hadi kibofuni ili pale paliposhonwa papone bila kuziba. Unasaidia sana. Ila ni lazima utolewe, kwa kawaida ndani ya wiki chache, kwa kamera ndogo inayopitishwa njia ya mkojo. Mgonjwa wa kununua mara nyingi hajui kama anao. Hakuna aliyemwambia, au aliambiwa kwa lugha asiyoielewa, siku ambayo bado ana usingizi wa dawa. Stenti iliyosahaulika inashika chokaa, mawe yanajijenga juu yake, bakteria wanafanya makazi. Ikija kugundulika haivutwi tena kwa dakika tano, bali yanavunjwa mawe kwanza.

Na hili naomba mlishike: figo iliyopandikizwa haina neva, zilikatwa ilipotolewa. Ureta ikiziba, mgonjwa hasikii yale maumivu makali ya mgongo anayoyasikia mtu mwenye jiwe kwenye figo yake ya kuzaliwa. Anaendelea kutembea na kufanya kazi huku figo ikijaa mkojo na kuharibika. Kinachosema ni kriatinini inayopanda na ultrasaundi. Usisubiri kuumwa.

Kwenye mishipa ya damu kuna mambo mawili. La kwanza ni damu kuganda ndani ya mshipa wa figo. Hili ni la siku za mwanzo, na kwa kawaida hutokea akiwa bado kule. Figo inavimba, mkojo unakuwa na damu au unakatika ghafla, na usipofungua ndani ya muda mfupi mno figo imekwenda. La pili linakuja taratibu zaidi, mara nyingi kati ya miezi mitatu na miaka miwili: ateri inabana pale ilipoungwa au karibu yake. Presha inagoma kushuka hata kwa dawa nne, na mguu au mapafu yanaanza kujaa maji.

Limfu nimeshaigusa. Mishipa midogo ya limfu iliyoizunguka ile mishipa mikubwa isipofungwa vizuri inavuja, na mfuko wa maji unajijenga kando ya figo. Ukiwa mdogo haudhuru. Ukikua unabana ureta, au unabana vena ya mguu na mguu wa upande ule unavimba peke yake.

Kidonda. Dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, hasa steroidi, zinachelewesha kupona. Ongeza kisukari, uzito mkubwa, na chumba cha upasuaji kisichoaminika. Usaha, kidonda kuachia, na baadaye henia pale misuli ilipofunguka. Bakteria wanaopatikana kwenye vidonda hivi mara nyingi ni sugu kwa antibiotiki za kawaida, kwa hiyo hospitali nyingi zikimpokea mgonjwa aliyelazwa nchi nyingine humweka chumba cha peke yake mpaka majibu ya maabara yatoke. Ndugu wakiona hivyo wasidhani anabaguliwa.

Baya kuliko yote kwa macho yangu ni fangasi. Aspergillus na jamii ya Mucor, ambao mtu mwenye kinga kamili hata hawamgusi, wakiingia pale ateri ilipoungwa wanakula ukuta wa mshipa. Ukuta unatuna, kisha unapasuka. Hapo kuokoa figo hakuzungumzwi tena. Figo inatolewa ili mtu aishi, na si wote wanaoishi. Maambukizi haya yameandikwa tena na tena kwa wagonjwa waliorudi kutoka kwenye upandikizaji wa kulipia, na ni nadra sana kwenye vituo vinavyofanya kazi kwa utaratibu.

Si mambo mapya haya. Mwaka 1990 jarida la Lancet lilichapisha taarifa ya madaktari waliowafuatilia wagonjwa 130 wa Falme za Kiarabu na Omani waliokwenda Bombay, ndiyo Mumbai ya leo, kununua figo za watu hai wasio ndugu zao. Vifo vilikuwa vingi kupita ilivyotarajiwa, na wapo waliorudi na virusi vya UKIMWI. Tangu wakati huo taarifa za aina hiyo zimetoka nchi nyingi, na mambo yanayojirudia ni yale yale: maambukizi, matatizo ya upasuaji, na wagonjwa kufika bila karatasi.

Naomba nikae kidogo hapo kwenye karatasi, kwa sababu ndilo hasa lililonifanya nifungue uzi huu.

Mtu anakuja na faili la plastiki. Ndani kuna tiketi, risiti, picha ya X-ray ya kifua, orodha ya dawa kwa majina ya kibiashara ya nchi nyingine, na ukurasa mmoja wenye muhuri unaosema upandikizaji umefanikiwa. Jina la aliyepasua halimo. Figo ilikuwa na ateri moja au mbili? Hakuna. Stenti iliwekwa? Hakuna. Alipewa dawa gani ya kushusha kinga siku ya upasuaji, na kiasi gani? Mtoaji alipimwa homa ya ini B na C, VVU, kifua kikuu, saitomegalovirusi? Hakuna, hakuna. Sasa mgonjwa huyu kriatinini inapanda. Daktari wa hapa anaanza kutafuta gizani, na kila saa anayotafuta figo inalipa.

Mniulize maswali, nitajibu kadiri nitakavyoweza.

---

Mtafuta Njia:

Sista, nakuheshimu, lakini unasema kwa sababu figo zako ni nzima. Kaka yangu alikwenda, akalipa, akarudi, mpaka leo anafanya kazi na anasomesha. Kwenye orodha ya kusubiri angeshakufa.

---

Muuguzi wa Figo:

Ndugu yangu, namshukuru Mungu kwa ajili ya kaka yako, kwa moyo wote. Wapo wanaofanikiwa, na siwezi kuwaficha. Nilichosema ni kwamba hatari ni kubwa kuliko ile ya upandikizaji uliopangwa, na nyingi ya hatari hizo zingezuilika. Na anayekufa kule kwenye wiki ya kwanza haingii kwenye kliniki yoyote huku, wala hakuna anayeandika kuhusu yeye humu.

Kuna na mtu wa pili mezani, ambaye hujamtaja. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa watu 305 waliouza figo zao Chennai, India. Asilimia 96 waliuza ili kulipa madeni. Kipato cha familia zao kilishuka kwa theluthi moja baada ya kuuza, wengi walikuwa bado na madeni, na asilimia 86 walisema afya yao imezorota. Huyo naye amepasuliwa. Naye ana kidonda kinachoweza kuota usaha, ana henia, ana figo moja inayohitaji kupimwa kila mwaka, na hakuna anayempima. Aliyeficha ugonjwa ili asikose malipo ndiye huyo huyo ambaye figo yake imo ndani ya mgonjwa wangu. Afya yake na ya mpokeaji hazitenganishwi.

---

Mwanasheria wa Pembeni:

Niongeze upande wangu kwa kifupi. India ilipiga marufuku biashara ya viungo mwaka 1994. Pakistan ilifuata 2007, Ufilipino ikawafungia milango wageni wanaofuata figo 2008, Misri ikapata sheria yake 2010. Azimio la Istanbul, tamko la kimataifa la kupinga biashara ya viungo, ni la 2008, likapitiwa upya 2018. Yaani karibu kote mnakotajiwa na madalali ni kosa, kwa anayeuza na mara nyingi kwa anayenunua.

---

Muuguzi wa Figo:

Asante mkuu. Na sheria hizo ndizo zinazoeleza mengi ya ninayoyaona. Zilipobana, biashara haikufa, ilijificha. Upasuaji unafanyika usiku, kwenye kliniki ndogo au nyumba iliyogeuzwa, mgonjwa anahamishwa kabla hajatembea vizuri, na karatasi haziandikwi kwa makusudi kwa sababu karatasi ni ushahidi. Usiri huo ndio unaomrudia mgonjwa kama ureta iliyooza.

---

Daktari Kijana:

Sista, naomba nitilie mkazo ile ateri iliyobana. Tunamkuta mgonjwa ana presha ya juu, anapewa kaptopril au enalapril kama mtu mwingine yeyote, na kriatinini inaruka ndani ya siku chache. Ikitokea hivyo kwa mwenye figo ya kupandikizwa, fikirieni ateri kwanza, mpigeni ultrasaundi ya Dopla, ile inayoonyesha damu inavyopita. Mara nyingi inafunguliwa kwa puto bila kumpasua tena. Na akianzishiwa dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, kiwango cha takrolimusi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo, kinaanguka vibaya na mwili unaweza kuikataa figo. Kliniki ya figo lazima ijue kabla ya kidonge cha kwanza.

---

Mama wa Watatu:

Mimi nauliza kwa ajili ya mume wangu. Hajaenda popote, lakini kuna mtu anampigia simu kila wiki. Nimwambie nini ambacho kitaingia?

---

Muuguzi wa Figo:

Dada, usibishane naye kuhusu sheria akiwa ametoka dayalisisi amechoka. Mwambie amwulize huyo mpiga simu maswali machache. Daktari atakayempasua anaitwa nani, na amesajiliwa wapi? Vipimo vya mtoaji ataviona lini, vyenyewe, si kusimuliwa? Atakaa karibu na hospitali wiki ngapi baada ya kuruhusiwa? Mkojo ukivuja siku ya kumi, nani anarudi chumba cha upasuaji, na nani analipa? Atarudi na ripoti ya upasuaji yenye sahihi? Sijawahi kusikia dalali aliyeyajibu hayo yote. Wengi hukata simu, na mumeo akiisikia mwenyewe ikikatwa itamwingia kuliko maneno yako na yangu.

Halafu nikuulize wewe: umepimwa? Wake wengi hawajui kwamba wanaweza kumpa mume figo. Hata kundi la damu lisipooana, vipo vituo vinavyobadilishana, mke wa huyu anampa yule, na wa yule anampa huyu. Sehemu nyingine wanatibu kwanza kingamwili ili figo ya kundi jingine ikubalike. Utapimwa na wewe kwa makini, na ukikutwa hufai utaambiwa. Nenda kaulize kliniki ya figo inayomhudumia.

---

Naomba Kuficha Jina:

Sista, nimesita siku nzima kuandika. Mdogo wangu amerudi juzi juzi kutoka huko mnakokusema. Mguu wa kulia umevimba, wa kushoto uko sawa. Shati lake upande wa kidonda linalowa, maji mepesi, si usaha. Mkojo unatoka lakini kidogo kuliko mwanzo. Anakataa kwenda hospitali, anasema watamripoti. Anakunywa antibiotiki alizonunua dukani.

---

Muuguzi wa Figo:

Mpeleke leo. Si kesho asubuhi. Mguu mmoja kuvimba kunaweza kuwa limfu inayobana, au damu imeganda kwenye vena, na hiyo ya pili inaweza kupanda hadi kwenye mapafu. Maji kwenye kidonda yanaweza kuwa mkojo. Kwa macho hayatofautiki, yanapimwa.

Dawa za kushusha kinga asiache hata dozi moja, na abebe makopo yenyewe, si orodha. Hizo antibiotiki mwonyesheni daktari, kwa sababu baadhi zinapandisha takrolimusi damuni mpaka inaiumiza figo.

Kuhusu kuripotiwa: sheria zinatofautiana nchi na nchi, lakini kazi ya daktari ni kumtibu aliye mbele yake, na siri ya mgonjwa ipo. Anayekuja amevuja mkojo ni mgonjwa. Aseme ukweli tangu mapokezi kwamba amepandikizwa, lini, na wapi kama anajua. Akificha watamtibu kama mtu mwenye figo mbili za kawaida, na dawa ya maumivu tu, kama diklofenaki, inaweza kuimaliza ile moja.

Ukishafika andika tujue.

---

Naomba Kuficha Jina:

Tumefika, alikubali. Walimsikiliza, hakuna aliyemkaripia. Ultrasaundi imeonyesha maji mengi kando ya figo na figo yenyewe imetanuka. Wamevuta maji wakapima kama ulivyoeleza: kriatinini ya maji iko karibu sawa na ya damu. Kwenye mguu damu haijaganda. Wamemwekea mrija wa kutolea maji. Na sista, kwenye ile picha wameona stenti. Hakuwa anajua kabisa. Daktari anasema itabaki kwanza mpaka maji yaishe.

---

Muuguzi wa Figo:

Hiyo ni limfu basi, ilikuwa inabana ureta na vena kwa pamoja. Daktari yuko sahihi kuiacha stenti kwa sasa, ila usitoke hapo bila tarehe ya kuitoa iliyoandikwa kwenye kadi yake, na uiweke hata kwenye simu yako wewe. Maji yakirudi baada ya mrija kutolewa, watafungua kidirisha kwenye mfuko wa maji kwa kamera ili limfu iishie tumboni ambako mwili unainyonya wenyewe, kwa hiyo mkiambiwa upasuaji mwingine msikate tamaa. Waombe wampime pia homa ya ini B na C na VVU sasa, na warudie baada ya miezi michache, kwa sababu maambukizi mapya yanaweza yasionekane mapema.

Na kama ana namba yoyote ya hospitali ile, hata ya aliyemfanyia usafi chumbani, mpigieni mkiwa bado mnapokelewa simu. Ulizeni mambo mawili tu: ateri zilikuwa ngapi, na alipewa sindano gani ya kushusha kinga siku ya upasuaji. Mkipata, mpelekeeni daktari wake leo leo.